Ramani, Mzigo au Mwendo: Njia Ipi Ichaguliwe Kuchunguza Mporomoko wa Gridi

Mtu aliyeko Arusha au Moshi anayetaka kuchunguza kwa makini jinsi gridi ya umeme inavyoanguka yote kwa pamoja, awe mwanafunzi wa uzamili katika Taasisi ya Nelson Mandela huko Tengeru, mkufunzi wa Chuo cha Ufundi Arusha au mhandisi anayeandaa ripoti kwa mwajiri wake, hulazimika kuchagua mapema mojawapo ya njia tatu za kuufanyia hesabu mtandao. Ya kwanza huangalia ramani, yaani kituo kipi kimeunganishwa na kipi. Ya pili huangalia mzigo: umeme kiasi gani unapita katika kila njia, na utaelekea wapi njia moja ikifunguka, yaani ikikatwa na kuacha kupitisha umeme. Ya tatu huangalia mwendo, yaani jinsi jenereta, ambazo ni vyuma vizito vinavyozunguka, zinavyovutana na kuyumba katika sekunde zinazofuata hitilafu. Msimamo wangu nautaja tangu sasa: kwa gridi ya kaskazini mwa Tanzania jinsi ilivyo leo, njia ya ramani inatoa kidogo mno, njia ya mzigo ni ya lazima lakini haitoshi, na njia ya mwendo ndiyo inayostahili muda mwingi zaidi, ingawa ndiyo yenye gharama kubwa kuliko zote.

Nasema "jinsi ilivyo leo" kwa sababu ya njia ya msongo wa kilovolti 400 inayotoka Singida kupitia Arusha na Namanga hadi Isinya nchini Kenya, ambayo ilianza kuwashwa mwishoni mwa mwaka 2024. Kabla ya hapo kanda ya kaskazini ilikuwa pembezoni mwa gridi, ikilishwa na njia ndefu kutoka upande wa Singida na upande wa Tanga, huku mitambo ya jirani, kama ule wa Nyumba ya Mungu wenye megawati 8, ikiwa midogo mno kuweza kuibeba peke yake. Sasa kanda hiyo hiyo imekuwa kiungo kati ya nchi mbili, na mtikisiko unaoanzia bonde la Rufiji unaweza kupita Arusha ukielekea Nairobi, au kurudi.

Njia ya ramani

Hapa vituo vya kupozea umeme huwa nodi, njia za msongo mkubwa huwa mistari, na swali ni moja tu: nodi fulani ikiondolewa, je, zilizobaki bado zimeungana? Mwaka 2000 Réka Albert, Hawoong Jeong na Albert-László Barabási walionyesha katika jarida la Nature kwamba mitandao yenye nodi chache zilizojaliwa viungo vingi huvumilia vizuri hitilafu za bahati nasibu, lakini husambaratika upesi nodi hizo kuu zikilengwa kwa makusudi. Miaka kumi baadaye Sergey Buldyrev na wenzake walichukua kuzimika kwa umeme kulikotokea Italia tarehe 28 Septemba 2003 kama mfano wao, wakaonyesha kwamba mitandao miwili inayotegemeana, kwa mfano wa umeme na ule wa mawasiliano unaouongoza, inaweza kuangushana kwa ghafla hata kama kila mmoja ukiwa peke yake ungestahimili.

Uzuri wa njia hii ni urahisi wake. Ramani ya njia za umeme inapatikana bure katika OpenStreetMap, hesabu zinakwenda kwenye kompyuta mpakato ya kawaida, na majibu hupatikana mchana mmoja. Kasoro yake ni kwamba umeme hausafiri kama barua, ukichagua njia fupi. Hugawanyika katika njia zote zilizopo kwa kadiri ya ukinzani wa kila moja. Mwaka 2010 Paul Hines, Eduardo Cotilla-Sanchez na Seth Blumsack walilinganisha vipimo vya ramani na hesabu za umeme halisi, wakaona kwamba vipimo vya ramani pekee vinaweza kumpotosha mtu kuhusu sehemu iliyo dhaifu. Kwa upande wetu kuna jambo la wazi zaidi: msongo mkubwa wa kaskazini una nodi chache kiasi kwamba mtu wa zamu huweza kuuchora bila kuangalia popote, na hesabu ya "nodi kuu" haitamwambia asilolijua. Sina mengi zaidi ya kusema juu yake.

Njia ya mzigo

Wagumu, yaani wapagazi, wa Kilimanjaro wanaijua njia hii bila kuifanyia hesabu: mmoja akiumia njiani, mzigo wake haupotei bali hugawanywa kwa wenzake, na ikiwa kila mmoja alikwisha kufikia kiwango chake cha juu, wa pili naye atachoka, kisha wa tatu. Katika gridi, njia moja ikifunguka, umeme uliokuwa ukipita humo huhamia njia nyingine mara moja, na yoyote itakayozidiwa huongezwa katika orodha ya zilizofunguka, kisha hesabu hurudiwa hadi mambo yatulie au mtandao uishe.

Adilson Motter na Ying-Cheng Lai walitoa kielelezo chepesi cha namna hii mwaka 2002, ambamo uwezo wa kila nodi huwa ni mzigo wake wa kawaida ukiongezwa asilimia fulani. Msomaji awe mwangalifu hapa, kwa kuwa mzigo wao ulihesabiwa kwa idadi ya njia fupi zinazopita katika nodi, na kwa hiyo unabaki na udhaifu uleule wa ramani. Kwa gridi inafaa zaidi kutumia hesabu ya mtiririko wa umeme, japo ile iliyorahisishwa ambayo huchukulia kwamba volti ni ileile kila mahali. Waendeshaji wa gridi huitumia kupima kama mfumo unavumilia kuondokewa na kifaa kimoja chochote, na kwa swali hilo ni chombo kizuri.

Tukio linaloonyesha nguvu ya njia hii, na pia mpaka wake, ni lile la tarehe 14 Agosti 2003 huko Marekani na Kanada, lililowaacha watu wapatao milioni 50 gizani. Katika jimbo la Ohio njia tatu za kilovolti 345 zilifunguka moja baada ya nyingine kati ya saa 9:05 na saa 9:41 alasiri, kila moja baada ya kulegea na kugusa miti. Ya pili ilikuwa imebeba asilimia 88 ya uwezo wake na ya tatu asilimia 93, na hapo njia ya mzigo inaeleza vizuri jinsi kufunguka kwa moja kulivyoibebesha nyingine. Lakini ya kwanza ilikuwa na asilimia 44 tu. Hakuna hesabu ya mzigo ambayo ingeionyesha kuwa hatarini. Iligusa mti kwa sababu mti haukukatwa, na chumba cha udhibiti hakikupata habari kwa sababu programu ya tahadhari ilikuwa imekwama.

Tazama sasa muda. Sehemu hii ya kwanza ilichukua zaidi ya nusu saa, na mtu aliyekuwa na taarifa sahihi angeweza kuchukua hatua, kwa mfano kuwakatia umeme wateja wachache wa eneo moja. Baada ya njia nyingine ya jimbo hilohilo, ya Sammis kwenda Star, kufunguka saa 10:05 na sekunde 57, kila kitu kilikwisha kabla ya saa 10:14. Italia ilifuata mtindo uleule: njia ya kwanza ilifunguka Uswisi saa 9:01 usiku, ya pili saa 9:25, kisha nchi nzima ikatengana na majirani zake na kuanguka ndani ya dakika mbili na nusu hivi. Mporomoko una sehemu ya polepole na sehemu ya haraka, na njia ya mzigo huiona ile ya kwanza tu, kwa kuwa hurukia kutoka utulivu mmoja hadi mwingine bila kuuliza kilichotokea katikati.

Njia ya mwendo

Katika gridi ya AC, yaani ya mkondo geu, jenereta zote zilizounganishwa huzunguka zikiwa zimefungamana, na hapa kwetu mfungamano huo ni wa masafa ya hezi 50, yaani mizunguko 50 ya mkondo kila sekunde. Kila jenereta husukumwa na maji au gesi kwa upande mmoja, na kwa upande mwingine huvutwa na mzigo na jenereta wenzake kupitia nyaya. Mvuto huo hutegemea tofauti ya pembe kati ya rota (sehemu ya jenereta inayozunguka) moja na nyingine: tofauti ikiongezeka, umeme unaopita kati yao huongezeka, lakini hadi kikomo fulani tu, kwa sababu uhusiano huo hufuata saini (sine) ya pembe: ukishapita nyuzi 90 mvuto hupungua badala ya kuongezeka, na jenereta huachana. Hesabu hii ni ndugu wa karibu wa ile iliyopendekezwa na Yoshiki Kuramoto mwaka 1975 kueleza jinsi vitu vingi vinavyojirudiarudia, kila kimoja kwa kasi yake, vinavyoweza kufikia mwendo mmoja endapo mvuto kati yao unatosha. Tofauti ni kwamba jenereta zina uzito, na uzito huo, ambao wahandisi huuita inersia, huzifanya zipitilize.

Kupitiliza huko ndiko kunakozitenganisha njia mbili hizi, na mfano mdogo unatosha kuonyesha. Chukua mtambo unaopeleka megawati 180 kupitia njia tatu zinazofanana, kila moja ikibeba 60, na kila moja ikiwa na kikomo cha megawati 100. Njia moja inafunguka. Hesabu ya mzigo inasema kila iliyobaki itabeba 90, kikomo ni 100, mfumo uko salama, funga daftari. Hesabu ya mwendo inasema vingine. Mara tu njia inapofunguka, rota hazijapata muda wa kubadili pembe, kwa hiyo njia mbili zilizobaki bado zinapitisha 60 kila moja, jumla 120, ilhali turbini inaendelea kusukuma 180. Ziada hiyo inaiongezea rota kasi, pembe inapanuka, umeme unapanda hadi 90, lakini rota haisimami hapo kwa kuwa tayari ina kasi ya ziada. Inaendelea hadi karibu 120 endapo hakuna kinachofifisha mtikisiko, kisha inarudi. Kwa muda mfupi kila njia imepita kikomo chake, na kama relei ya ulinzi, yaani kifaa kinachopima umeme na kuamuru njia ifunguliwe, ni ya haraka, njia ya pili itafunguliwa katika mfumo ambao hesabu ya kwanza iliupa cheti cha usalama.

Benjamin Schäfer, Dirk Witthaut, Marc Timme na Vito Latora walilifanyia kazi jambo hili katika makala ya mwaka 2018, wakaonyesha kwamba kuna njia za umeme ambazo kufunguka kwake huanzisha mporomoko kwa sababu ya mtikisiko wa muda, ingawa uchambuzi wa utulivu kwa utulivu haukuziona. Witthaut na Timme walikuwa wamekwisha kuonyesha mwaka 2012 jambo lingine linalowashangaza watu: kuongeza njia mpya katika mtandao wa namna hii kunaweza kuuharibia mfungamano wake badala ya kuuimarisha, sawa na Dietrich Braess alivyothibitisha mwaka 1968 kuhusu barabara na foleni za magari. Wanaoamini kwamba kila nguzo mpya ni faida tupu wangefaidika kwa kulifikiria hilo.

Hata relei ina sehemu yake. Njia ya Sammis kwenda Star haikuungua wala kugusa mti. Relei yake ilipima mkondo mkubwa na volti ya chini, ikadhani kuna hitilafu ya mbali, ikafungua. Na tarehe 10 Agosti 1996, upande wa magharibi wa Marekani, mtikisiko wa takriban robo hezi ulianza kukua badala ya kufifia, hadi mfumo ukagawanyika vipande vinne na wateja wapatao milioni 7.5 wakakosa umeme. Ramani haina pa kuandika mtikisiko unaokua, na hesabu ya mzigo haina pia.

Tukirudi nyumbani, tuuchukue mtambo mmoja wa Bwawa la Julius Nyerere, wenye megawati 235, mmoja kati ya mitambo tisa inayofanya jumla ya megawati 2,115. Tuseme, kwa ajili ya hesabu tu, kwamba mitambo yote inayozunguka nchini ina ukubwa wa MVA 2,000 (kipimo cha uwezo wa jenereta) na inersia ya sekunde 4, yaani nishati ya mzunguko inayolingana na sekunde 4 za uwezo wake wote. Mtambo huo mmoja ukizimika ghafla, masafa yataanza kushuka kwa takriban hezi 0.73 kila sekunde, na bila gavana, yaani kidhibiti cha kasi ya turbini, kuingilia yatakuwa yamefika hezi 49 baada ya sekunde moja na theluthi hivi. Sasa tuunganishe gridi nyingine ya ukubwa uleule kupitia Namanga: kasi ya kushuka inapungua nusu, na hiyo ndiyo faida ya kuungana. Lakini nusu ya pengo, yaani megawati 117 hivi, lazima ipite katika njia hiyo ya kuunganisha, na kwa sababu ya kupitiliza tulikokueleza, kilele cha muda kinaweza kukaribia 235, juu ya chochote kilichokuwa kinapita kabla. Iwapo relei itaitafsiri ziada hiyo kama hitilafu na kufungua, msaada unakatika wakati unaohitajika zaidi, na kaskazini mwa Tanzania ndiko mahali pa kukatikia.

Njia ya mwendo humfunza mtu pia kutofautisha viungo ambavyo katika ramani vinafanana kabisa. Kiungo cha Tanzania na Kenya ni cha mkondo geu, kwa hiyo jenereta za pande zote mbili hulazimika kwenda pamoja. Kiungo cha Ethiopia na Kenya, kutoka Sodo hadi Suswa, ni cha mkondo mnyoofu (DC) wa kilovolti 500, na jenereta za Ethiopia hazifungamani na za Kenya hata kidogo. Umeme huvuka kwa kiasi kilichopangwa, wala mtikisiko hauvuki wenyewe. Katika mjadala wa mwaka 2025 kuhusu kununua umeme wa Ethiopia kwa ajili ya mikoa ya kaskazini, suala la bei na upotevu wa umeme njiani lilisikika sana. Nani atafungamana na nani lilisikika kidogo, nalo lina uzito wake.

Njia hii ina upofu wake, na si mdogo. Kielelezo chake chepesi huchukulia kwamba volti haibadiliki, na kwa hiyo kisingeliona tukio la kuzimika kwa umeme Hispania na Ureno la tarehe 28 Aprili 2025, ambalo lilikuwa mfululizo wa mitambo kujitoa kwa sababu ya volti kupanda kupita kiasi. Njia ndefu ya kilovolti 400 inayobeba umeme kidogo hupandisha volti kwa asili yake, na njia ya Singida hadi Isinya ni ndefu. Anayechagua mwendo basi aiongeze volti katika hesabu zake, au aandike waziwazi kwamba ameiacha.

Gharama na data

Njia ya mzigo inahitaji kujua ukinzani wa kila njia, uzalishaji na matumizi ya kila kituo. Sehemu ya data hiyo hukisiwa kwa urefu wa njia na aina ya waya, na sehemu huombwa kwa barua rasmi, ambayo majibu yake huchukua muda wake. Programu si kikwazo: pandapower na MATPOWER ni za bure, na ya pili huweza kuendeshwa kwa Octave bila kununua Matlab.

Njia ya mwendo inahitaji zaidi ya hayo: inersia ya kila mtambo, tabia ya gavana, kiwango cha kufifia kwa mtikisiko, na mipangilio ya relei. Inersia inaweza kukisiwa kwa viwango vya kawaida, kama sekunde 2 hadi 4 kwa mitambo ya maji na zaidi ya hapo kwa mingi ya gesi na mvuke, huku paneli za sola zinazopitia inveta (vigeuzi vya mkondo) za kawaida zikihesabiwa kuwa hazina. Programu za kibiashara kama PowerFactory na PSS/E zina kila kitu ndani yake, lakini leseni zake ni ghali. Kwa mtandao mdogo, Python na maktaba ya kutatua milinganyo inatosha kabisa, na anayeiandika mwenyewe huielewa vizuri zaidi kuliko anayebonyeza vitufe.

Nani achague nini

Anayepanga mahali pa kujenga kituo kipya au njia ya pili ya kuingia Moshi, na swali lake ni kama wateja watapata umeme endapo njia moja itafungwa kwa matengenezo, achague mzigo na asihangaike na mwendo. Anayechunguza mitandao isiyo ya umeme, kwa mfano mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi anayeangalia jinsi SACCOS zilizokopeshana zinavyoweza kuangushana, naye achague mzigo: hasara huhama kutoka daftari moja hadi jingine kama umeme unavyohama kutoka njia moja hadi nyingine, na hakuna rota ya kupitiliza, ingawa hofu ya wanachama kutoa akiba zao kwa pamoja itahitaji hesabu ya ziada. Ramani naiachia anayetaka picha ya utangulizi ya mtandao mkubwa sana ambao hana data nyingine juu yake.

Bali anayeuliza kitakachotokea Arusha katika sekunde 30 baada ya mtambo mkubwa kuzimika Rufiji, au baada ya njia ya Namanga kufunguka ikiwa imebeba umeme mwingi, hana budi kuchagua mwendo. Akiwa na muhula mmoja tu, asijaribu kuiga gridi nzima. Afanye kwanza hesabu ya mzigo kwa kanda ya kaskazini, kisha akusanye mitambo yote katika makundi matatu hadi matano, kwa mfano Rufiji, mitambo ya gesi ya Dar es Salaam, mitambo ya Mtera na Kidatu, Pangani, na Kenya kama kundi moja, halafu ayaache yayumbe. Inersia aibadilishe kati ya kiwango cha chini na cha juu badala ya kuchagua tarakimu moja na kuitetea. Kitu cha kuomba mapema kuliko vyote ni mipangilio ya relei za njia kubwa, kwa sababu bila hiyo kielelezo hakijui ni wakati gani njia inafunguka. Na asipoipata, aendeshe hesabu mara mbili, mara moja kwa relei za haraka na mara moja kwa za polepole, aweke matokeo yote mawili katika ripoti yake.